Mwanafunzi wa Chuo Kikuu Katika Mashimo ya Tendaguru

Ukitoka Mchinga, katika pwani ya Mkoa wa Lindi, ukaelekea bara upande wa magharibi, utaiacha minazi na kuingia katika nyika na misitu ya miombo. Kilomita 50 na zaidi kutoka baharini kipo kilima kiitwacho Tendaguru. Kwa umbo lake si kilima cha kumshangaza mtu. Lakini wanasayansi wa dunia nzima wanalijua jina lake, kwa kuwa katika ardhi inayokizunguka yalifukuliwa mabaki ya dinosaria, wale wanyama wa kale ambao watu wa Lindi wamezoea kuwaita kwa neno moja tu: mjusi.

Habari za mifupa hiyo zimeandikwa mara nyingi. Makala haya yanamhusu mtu mmoja aliyeishi katika kambi ya Tendaguru mwaka 1924. Alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, mwenye umri wa miaka 20, na daktari alikuwa amemwamuru aache masomo kwa muda. Jina lake ni Louis Leakey. Mwaka ule, ambao ungeweza kuhesabiwa kuwa umepotea, una fundisho kwa kila mwanafunzi mwenye mapenzi mengi na muda mchache.

Kijana mwenye mapenzi mengi

Leakey alizaliwa Kabete, karibu na Nairobi, mwaka 1903, akiwa mtoto wa wamisionari Waingereza. Alikua pamoja na watoto wa Kikuyu, akakijua Kikikuyu kama lugha yake ya kwanza. Alipenda ndege, alipenda pia kuokota vipande vya mawe vilivyochongwa na binadamu wa kale. Watu wazima wengi waliviona vipande hivyo kuwa mchezo wa mtoto. Arthur Loveridge, aliyekuwa mtunzaji wa makumbusho ya Nairobi, alivitazama kwa makini, akamthibitishia kuwa baadhi yake ni zana za kweli, na kumhimiza aweke kumbukumbu za kila alichookota.

Mwaka 1922 kijana huyo aliingia Chuo cha St John's katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Kwa kuwa alitakiwa kusoma lugha mbili, alichagua Kifaransa na Kikikuyu. Uchaguzi huo uliwatatiza wakuu wa chuo, kwani watahini wa Kikikuyu walikuwa adimu mno. Baadaye ikaenea hadithi, iliyopendwa sana na wanafunzi, kwamba mtahiniwa huyo alijitahini mwenyewe.

Masomo hayo yalikwenda sambamba na mchezo wa raga, ambao Leakey alitamani kuufikia upeo wake. Mwaka 1923 alipigwa teke la kichwa uwanjani. Maumivu makali ya kichwa yakafuata, na kumbukumbu yake ikadhoofika hata asiweze kusoma. Daktari akashauri apumzike, akae mahali penye hewa safi, mbali na vitabu.

Njia ya kwenda Tendaguru

Wakati huohuo Makumbusho ya Uingereza yalikuwa yakiandaa msafara wa kwenda Tanganyika. Hapo awali, kati ya miaka 1909 na 1913, Wajerumani walikuwa wamefukua Tendaguru zaidi ya tani 200 za mifupa na kuisafirisha Berlin. Kiunzi kimoja kilichosimamishwa huko mwaka 1937 kina urefu wa mita 13.27 kwenda juu. Waingereza walitaka kuendeleza kazi hiyo. Kiongozi wa msafara, William Cutler, alikuwa fundi wa kufukua dinosaria aliyepata uzoefu wake Kanada, lakini hakuijua Afrika. Ilitakiwa apatikane msaidizi anayejua Kiswahili na desturi za safari za nchi hizi. Leakey akachaguliwa.

Waliondoka Uingereza Februari 1924. Leakey ndiye aliyetangulia kutoka Lindi kwenda kupatafuta mahali pa kazi na kutayarisha kambi. Mambo ya wapagazi, vibarua, chakula na maji yalikuwa juu yake. Maji hasa yalikuwa tatizo kubwa, kwa sababu Tendaguru ni mahali pakavu, nayo kazi ya kufukua mifupa inahitaji maji kama ujenzi wa nyumba unavyoyahitaji.

Hivyo mapumziko aliyoandikiwa na daktari yakawa kazi ya kutwa. Tofauti ni kwamba kazi hii ilimtaka atumie macho na mikono kwanza, na vitabu baadaye.

Kwa nini mfupa haung'olewi ovyo

Mtu asiyejua hudhani kuwa kufukua mfupa wa kale ni sawa na kuchimba muhogo. Sivyo. Mfupa uliokaa ardhini kwa miaka milioni 150 hivi umejaa madini, nao ni mzito, lakini una nyufa nyingi. Ukivutwa, hubomoka. Kwanza huondolewa udongo wa juu kwa jembe na sururu. Mfupa ukikaribiwa, sururu huwekwa kando. Kazi huendelea kwa kisu na brashi. Sehemu dhaifu hupakwa gundi ili zishikane. Kisha mfupa hufungwa kwa vitambaa vilivyochovywa katika plasta, kama daktari anavyofunga mguu uliovunjika. Plasta ikikauka, mfupa hugeuzwa na kufungwa upande wa pili. Wajerumani walitumia pia mianzi ya nchi ile kufungia mifupa yao.

Kabla ya kuuondoa mfupa, mfukuaji hana budi kuandika ulipokuwa: ni shimo gani, kina gani, tabaka gani, na ulilala pamoja na nini. Umuhimu wa jambo hili unaonekana wazi Tendaguru. Zamani hizo bahari ilisogea bara na kurudi nyuma zaidi ya mara moja. Kwa sababu hiyo matabaka yenye mifupa ya dinosaria yamepishana na matabaka yenye makombe ya baharini. Mfupa wa tabaka la chini na ule wa tabaka la juu huenda ukatenganishwa na mamilioni ya miaka. Mfupa usiojulikana ulikotoka unaweza kupendeza macho, lakini umekwisha kupoteza sehemu kubwa ya habari zake.

Ujuzi huu Leakey aliupata kwa Cutler, katika vumbi, siku baada ya siku. Aliondoka Tendaguru kabla ya mwaka 1924 kwisha. Cutler alibaki kazini. Agosti 1925 aliugua malaria, akafia Lindi.

Kurudi masomoni

Mwaka 1925 Leakey alikuwa tena Cambridge. Fedha zake zilikuwa chache, kwa hiyo alitoa mihadhara juu ya dinosaria wa Tendaguru ili ajipatie riziki. Baada ya lugha alisoma akiolojia na anthropolojia, na mwaka 1926 akahitimu kwa daraja la kwanza. Mwaka huohuo aliongoza msafara wake mwenyewe wa utafiti katika Afrika Mashariki. Mwaka 1931 alifika Bonde la Olduvai pamoja na Hans Reck, mwanajiolojia Mjerumani ambaye naye alikuwa amefanya kazi Tendaguru kabla ya vita vya kwanza vya dunia.

Lakini kujua utaratibu ni jambo moja, na kuufuata kila siku ni jambo jingine. Mwaka 1932 Leakey alipata kipande cha taya la binadamu huko Kanam, magharibi mwa Kenya, akatangaza kuwa ni la kale sana. Mwaka 1935 mwanajiolojia Percy Boswell alikuja kuhakiki. Vigingi vya chuma vilivyowekwa kama alama havikuwapo tena, na picha moja iliyochapishwa ilionekana kuwa ya mahali pengine. Leakey hakuweza kuonyesha kwa uhakika mahali taya lilipotoka. Boswell aliyaandika hayo katika jarida la Nature, na heshima ya Leakey ikaporomoka. Ilichukua miaka mingi kuirudisha, mpaka yalipopatikana mavumbuzi ya Olduvai, ikiwa ni pamoja na fuvu la Zinjanthropus aliloligundua mkewe, Mary Leakey, mwaka 1959. Katika uchimbaji aliousimamia Mary, kila kitu kilipimwa na kuchorwa mahali pake.

Wenzake wa mashimoni

Tusisahau kuwa Leakey hakuchimba peke yake. Tangu enzi za Wajerumani kazi ya Tendaguru ilitegemea mamia ya watu wa Lindi, na mifupa ilibebwa vichwani hadi bandarini. Boheti bin Amrani, msimamizi mkuu wa wafukuaji wa msafara wa Wajerumani, ni mmoja wa wachache ambao majina yao yamehifadhiwa. Vijana waliokuwa na macho makali na mikono mwepesi kama ya Leakey hawakuwa na Cambridge ya kurudia. Makerere ilifunguliwa mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi yenye wanafunzi 14 tu, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961. Mwanafunzi wa Mchinga wa leo anayo nafasi ambayo wazee wake hawakuipata.

Ushauri kwa walimu na wanafunzi

Mapenzi ya mwanafunzi, yawe ya ndege, mawe, makombe au mimea, si adui wa masomo. Huwa sayansi pale yanapopewa daftari. Walimu wa Lindi na Kilwa wanaweza kuanza na jambo dogo: kila mwanachama wa klabu ya sayansi achague kitu kimoja cha kuchunguza kwa muhula mzima, na kila mara aandike tarehe, mahali, na alichokiona, kabla ya kuandika anachodhani.

Mwanafunzi akikuta mfupa uliogeuka jiwe, asiung'oe. Apige picha au achore, aandike mahali penyewe kwa usahihi, kisha amjulishe mwalimu ili wenye dhamana ya mambo ya kale wapate habari. Mfupa ulioandikwa vizuri ukiwa bado ardhini una thamani kuliko ule uliopelekwa nyumbani bila maelezo.