Je, Wajua? Sarafu za Pemba zilikuwa na vina

Mwaka 1984, wachimbuzi wa mambo ya kale huko Mtambwe Mkuu, karibu na Wete, walifukua akiba ya sarafu zaidi ya 2,000. Nyingi ni za fedha, ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Chache ni dinari za dhahabu kutoka ng'ambo. Ni za karne ya 11 hivi.

Je, wajua kwamba sarafu hizo za fedha zina vina? Upande mmoja una jina la mtawala, kama Ali bin al-Hasan. Wa pili una maneno ya kumtumainia Mungu, na kwenye sarafu za Ali pande zote mbili huishia kwa "-an". Mwenye sarafu alitembea na ubeti mfukoni!

Kazi ya kutengeneza sarafu hizo haikuwa rahisi. Anayechonga muhuri wa kugongea sarafu huandika herufi kinyume, ili zisomeke sawasawa zikishagongwa.

Kilwa nayo ilitoa sarafu za shaba zenye vina. Tano kati yake ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia.