Kusema na Kusemasema

Watoto wetu wa sekondari hukutana na neno la Kiingereza loquacious, maana yake mtu apendaye kuongea mno. Shina lake ni la Kilatini, loqui, yaani kusema. Wazee Wakatoliki waliosali Misa kwa Kilatini, kabla ya mageuzi ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962–1965), walikuwa wakilitamka shina hilo katika Kanuni ya Imani ya Nisea. Humo limo neno locutus, pale inapotajwa kwamba Roho Mtakatifu alinena kwa manabii.

Shina, basi, ni jema. Shida iko mkiani. Warumi wa kale walitia -ax mwishoni wakapata loquax, mtu ambaye kusema kumekuwa tabia yake, hajizuii.

Kiswahili hakikuhitaji mkia, chenyewe kinarudia tu. Msemaji wa ukoo huheshimiwa kwenye posa na hata msibani. Lakini ukisema, "Fulani anasemasema," umekwisha kumshusha. Mimi naona lugha yetu imepima vizuri: neno lililosemwa mara moja chumbani linarudiwa bombani, kisha sokoni, na (tusifichane) hata tunapotoka kwenye jumuiya.

Kwetu sisi wauguzi hayo si mambo ya kamusi. Mama mwenye VVU asipopata kinga yoyote, uwezekano wa kumwambukiza mwanawe katika mimba, kujifungua na kunyonyesha ni asilimia 15 hadi 45. Akimeza dawa zake sawasawa, na mtoto akapewa dawa ya kumkinga, unashuka chini ya asilimia 5. Dawa hizo hutolewa bure. Hata hivyo wako akina mama wanaoipita zahanati ya jirani na kupanda gari kwenda kliniki ya mbali, kwa kuogopa tu kuonekana kwenye benchi. Siku nauli ikikosekana, dozi inakatika, na anayelipa ni mtoto mchanga.

Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inatubana sisi wahudumu tutunze siri ya majibu. Jirani wa kwenye benchi hakula kiapo cho chote. Je, mama wa Majengo, ukiulizwa bombani, "Shoga, mbona mama fulani siku hizi anasafirisafiri?" utajibuje? "Sijui" ni jibu kamili, kisha unajitwika ndoo yako.