Maneno yenye kufanana, maana mbalimbali



Sisi wa darasa la tano tunataka kuzungumza kidogo juu ya Kiingereza. Juu ya nini? Kwa sababu sisi wenye kusoma kwa Kifaransa tunafikiri maneno fulani tunayajua, kumbe hatuyajui.

Mkubwa wetu mmoja ana mjomba kule Kitwe, Zambia. Alipomaliza tu mtihani wa Serikali, alimwandikia kwa Kiingereza kusudi aonyeshe akili: «I passed the State Examination.» Kichwani mwake ilikuwa Kifaransa, «passer un examen», ni kusema kufanya mtihani, matokeo bado. Lakini kwa Kiingereza «pass» ni kushinda. Mjomba akafurahi, akaita majirani, akatuma feza ya universite. Matokeo kutoka, jina hakuna! Mjomba akamwita mwongo. Lakini hakudanganya, alikosa neno tu. Ilifaa aandike «I took».

Tuangalie mengine:

«Demand». Kwa Kifaransa «demander» ni kuomba ao kuuliza. Kwa Kiingereza «demand» ni kudai kwa nguvu. Ukiandikia mkubwa hivyo, atasema huna heshima. Tumia «ask».

«Library» ni nyumba ya kusomea na kuazima vitabu. «Librairie» ni duka, pale unalipa.

«Assist» ni kusaidia. Kuhuzuria mkutano ni «attend». Tena usichanganye «attend» na «attendre», kungoja. Huko ni «wait for».

«Actually» ni kwa kweli, si sasa hivi.

Mambo haya yalitoka wapi? Mwaka wa 1066 watu wa Normandie walishinda Uingereza, wakaingia na Kifaransa chao. Maneno mingi yalibaki mule, lakini miaka ikipita, kila luga ikavuta maana upande wake.

Shauri letu ni hili: mu kaye yako usiandike neno peke yake. Andika na sentensi nzima, maana neno linajulikana kwa wenzake, kama vile mtu.

Na mkubwa wetu? Mwaka uliofuata alirudilia, akashinda kweli. Akaandika tena: «I passed.» Mjomba akajibu kwa Kiswahili: «Tuma kwanza karatasi ya pointi.»

Masomo mema kwenu wote.