Usimbaji fiche wa miunganisho ya barua pepe

Usimbaji fiche wa miunganisho ya barua pepe ni njia ya kuficha mawasiliano kati ya programu ya barua pepe (kama vile Thunderbird, Outlook au Apple Mail) na seva inayotunza barua, ili mtu aliye katikati ya njia asiweze kusoma ujumbe wala kuiba nenosiri. Kazi hiyo hufanywa na itifaki ya TLS iliyorithi nafasi ya SSL. Menyu nyingi bado huandika "SSL/TLS" kwa mazoea tu.

Historia

Itifaki ya kutuma barua, SMTP, ilitolewa mwaka 1982, na ile ya kupokea, POP, mwaka 1984. Wakati huo mtandao ulitumiwa na vyuo na taasisi chache zilizoaminiana, hivyo barua zilisafiri wazi. Mwaka 1999 uliwekwa utaratibu wa STARTTLS kwa IMAP na POP3: programu huanza kuzungumza na seva waziwazi, kisha huomba kuhamia kwenye TLS. Udhaifu wake ni kwamba mshambuliaji anaweza kulifuta ombi hilo njiani, na programu isiyolazimishwa kutumia TLS ikaendelea wazi. Kwa sababu hiyo, mwongozo wa viwango RFC 8314 wa Januari 2018 ulipendekeza TLS ianze tangu mwanzo wa muunganisho.

Mipangilio

Namba za milango (poti) ni za itifaki, si za programu. Kwa hiyo ni zilezile kwenye simu na kompyuta. IMAP hutumia 993, POP3 995, na kutuma 465. Mahali ambapo 465 haipo, hutumika 587 pamoja na STARTTLS. Mlango 25 ni wa seva kupelekeana barua zenyewe kwa zenyewe.

Matatizo mengi hutokana na cheti cha dijitali, ambacho huthibitisha kwamba seva ndiyo yenyewe. Jina lililoandikwa kwenye mipangilio lazima lilingane na lile la kwenye cheti. Shule inaweza kuwa na jina lake la kikoa, huku barua zake zikiwa kwenye mitambo ya kampuni nyingine yenye cheti cha jina la kampuni hiyo. Hapo programu hutoa onyo, na dawa yake ni kuandika jina la seva lililotolewa na kampuni. Onyo hutokea pia cheti kinapoisha muda, au simu iliyozimika kwa muda mrefu inaporudi na tarehe ya zamani. Basi saa ikaguliwe kwanza. Kubonyeza "kubali" bila kujua sababu ni hatari, maana seva bandia huonekana vivyo hivyo, nayo hupokea nenosiri mara moja.

Mipaka yake

TLS hulinda njia tu. Barua ikishafika, mwenye seva anaweza kuisoma. Anayetaka isomwe na mpokeaji peke yake hutumia S/MIME au OpenPGP, iliyotokana na programu ya PGP ya Phil Zimmermann ya mwaka 1991. Thunderbird ina OpenPGP ndani yake tangu toleo la 78 (2020). Hata hivyo, anwani za mtumaji na mpokeaji hubaki wazi kwa seva, na anayepoteza ufunguo wake wa siri bila kuwa na nakala hawezi tena kuzifungua barua zake za zamani.