Wajumbe wa Mpakani

Ukitoka Ipinda kuelekea kusini utafika mto Songwe. Waingereza na Wajerumani waliufanya mpaka mwaka 1890, nao hata leo wagawa Tanzania na Malawi. Lakini maji hayajui mapatano. Wakati wa mafuriko mto huhama njia yake, na shamba lililokuwa ng'ambo hii huonekana ng'ambo ya pili. Je, mwenye shamba ni mtu wa nchi gani? Neno hili haliamuliwi kwa mikuki, bali kwa wajumbe waliojifunza sheria, hesabu na lugha. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2017, nchi hizi mbili zilipopatana kuunda tume moja ya bonde la Songwe, isimamie mpango wa bwawa la kuzuia mafuriko na kutoa umeme. Basi, atakaye kazi hiyo na ajifunze kwanza kumsikiliza jirani.