Kabla Mguu Haujakatwa, Ulizia Waya

Nimeoa Wamagana, huku Tetu, kwenye miteremko ya chai ya Nyandarua, na majirani wamezoea kuniita Mswahili wao. Barua ya hospitali ikija na maneno magumu, huletwa kwangu, kana kwamba kuzaliwa Pwani ni shahada ya udaktari. Ya karibuni ilikuwa ya mzee mmoja mwenye sukari. Kidole cha mguu kimeanza kuwa cheusi, na daktari ameandika kwamba kabla ya kufikiria kukata, ateri za mguu zipigwe picha na kuzibuliwa kwa katheta. Mzee aliniuliza swali moja tu: huo waya utapita vipi kona zote hizo bila kunitoboa?

Ni swali zuri, na huko nyumbani Mombasa, Lamu na Malindi, ambako sukari imeingia karibu kila ukoo (mahamri na chai ya rangi tunavijua), wengi wanalihitaji jibu lake.

Mwangalie fundi wa stima anayepitisha nyaya ndani ya bomba lililozikwa ukutani. Hausukumi waya wa umeme wenyewe, kwa kuwa utajikunja. Hutanguliza waya mgumu mwembamba, kisha vingine vifuate njia hiyo. Kazi hii, ambayo Muhimbili wanaiita tiba radiolojia, imejengwa juu ya wazo kama hilo. Aliyeliweka sawa ni Msweden, Sven-Ivar Seldinger, mwaka 1953. Kabla yake katheta ilipitishwa ndani ya sindano, kwa hiyo sindano ililazimika kuwa nene kuliko katheta, na tundu la mshipa likawa kubwa. Seldinger alichoma sindano nyembamba, akapitisha waya ndani yake, akatoa sindano, kisha akateleza katheta juu ya waya. Tangu hapo sheria ni moja: waya mbele, katheta nyuma.

Sasa kona. Waya wa kawaida una unene wa milimita 0.89, na wa mishipa midogo chini ya goti ni kama milimita 0.36. Mwili wake ni mgumu kiasi cha kusukumika, lakini sentimita chache za mwisho ni laini, na ncha imepindwa kidogo. Upindo huo ndio usukani. Daktari hubana kijishikio kidogo kwenye waya nje ya mwili, pale kwenye kinena au mkononi, na akikizungusha, ncha iliyo mbali kule ndani nayo huzunguka. Mshipa ukigawanyika, anaielekeza ncha kwenye tawi analolitaka, anasukuma kidogo, anatazama. Kutazama ni kwa eksirei inayoonyesha picha inayotembea, pamoja na dawa inayoifanya damu ionekane.

Katheta nayo haikai kimya. Huja na maumbo tofauti, nyingine imepinda kama ndoano, nyingine kama mkia wa nguruwe, kila umbo kwa mlango wake. Waya ukiwa ndani, katheta hunyooka. Ukivutwa nyuma, katheta hurudia umbo lake. Ziko pia katheta zinazoongozwa kwa mpini: ndani ya ukuta wake mna uzi, ukivutwa ncha inapinda palepale mwilini, bila kubadilisha kifaa. Hizi ni ghali, na kwa maoni yangu mgonjwa asihangaike kuulizia kifaa kipya kuliko kuulizia mkono uliozoea. Waya unaoteleza sana, kwa mfano, ukilowa huwa kama samaki mkononi. Unapenya penye uzibe, lakini ukilazimishwa unaweza kuingia chini ya ngozi ya ndani ya mshipa na kuichana, au kutoboa kabisa. Daktari mzoefu akihisi ukinzani husimama, kama nahodha aliyeona maji yamebadilika rangi.

Waya ukishavuka uzibe, puto hupitishwa juu yake na kujazwa ili kuupanua mshipa. Na kuokoa mguu ndiko kazi hii ilikoanzia. Tarehe 16 Januari 1964, huko Portland, Marekani, Charles Dotter alimpokea bibi wa miaka 82 ambaye mguu wake ulikuwa unaoza na amekataa kukatwa. Dotter alipitisha waya, kisha katheta nyembamba, kisha nene zaidi juu yake. Mguu ulipona, na bibi akaishi zaidi ya miaka miwili akiutembelea. Puto la Andreas Grüntzig lilifuata mwaka 1974.

Kwetu shida ni wataalamu. Dar es Salaam, chuo cha MUHAS kilianza mwaka 2019 mafunzo ya miaka miwili ya fani hii pale Muhimbili, kwa ushirikiano na madaktari wa Yale na kwingineko. Kwa mtu wa Tetu, au wa Kilifi, safari bado ni ndefu, na kidonda hakingoji.

Kwa hiyo mwenye sukari na kidonda kisichopona aombe mapema apimwe mapigo ya damu ya mguuni. Akiambiwa mguu ukatwe, aulize kama ateri zimepigwa picha. Si kila uzibe unafunguka, na uchafu ukishapanda mwilini huenda kukata kukawa ndiko kunakookoa maisha. Akipelekwa kwenye katheta, ataje hali ya figo zake na dawa zote anazomeza, kwa sababu ile dawa ya picha huweza kuziumiza figo dhaifu. Baadaye atalala saa kadhaa bila kukunja mguu uliochomwa. Akihisi unyevu wa moto kwenye kinena, abonyeze hapo kwa nguvu na amwite muuguzi mara moja.