Jicho la Daktari Hutazama, Lakini Je, Huona?

IWAPO umewahi kupigwa eksirei hapa Mombasa, bila shaka unaijua safari ya ile bahasha kubwa ya kaki. Unaibeba kwapani kutoka chumba cha picha, unaketi kwenye benchi pamoja na wagonjwa wenzako, na zamu yako ikifika daktari anaitoa picha, anaiweka mbele ya mwanga, anaitazama kwa muda mfupi, kisha anairudisha ndani. "Kifua ni kizuri," anakuambia. Nawe unaondoka ukimshukuru Mungu, ila njiani unajiuliza: mbona ametazama haraka hivyo?

Swali hilo ni la haki. Mimi ni daktari wa kawaida, si bingwa wa eksirei, lakini kwa zaidi ya miaka 15 picha za vifua zimekuwa kazi yangu ya karibu kila siku. Nitakueleza jinsi macho yetu yanavyofanya kazi mbele ya picha hizo, pamoja na kosa moja ambalo macho yangu mwenyewe yalilifanya.

Kwanza, fanya jaribio dogo. Nyoosha mkono wako mbele yako uutazame ukucha wa kidole gumba. Eneo ambalo jicho linaliona kwa uwazi kamili ni dogo hivyo, kama ukucha wako au unaozidi kidogo. Yaliyo kando huyaona kwa ukungu tu. Kama huamini, kaza macho kwenye neno moja la ukurasa huu, kisha bila kuyasogeza jaribu kusoma maneno yaliyo mistari mitano chini yake. Hutaweza. Ndiyo maana jicho haliteleziki juu ya picha kama maji. Linaruka, linatua, linaruka tena, mara tatu au nne kwa kila sekunde, nasi hatuna habari.

Wataalamu wana mashine za kufuatilia miruko hiyo. Taa yenye mwanga usioonekana na binadamu humulikwa machoni, na kamera hufuata mng'ao wake pamoja na mwendo wa mboni. Baadaye mashine huchora njia nzima ambayo jicho limepita: lilianzia wapi, lilitua wapi, likakaa kwa muda gani, na ni pembe gani ya picha ambayo halikuifikia kabisa.

Miongoni mwa waliotumia njia hii kuwachunguza madaktari ni Harold Kundel, bingwa wa eksirei, na mwanasaikolojia Calvin Nodine, wote wa Philadelphia, Marekani. Mwaka 1975 walichapisha matokeo ya jaribio la ajabu. Mabingwa walionyeshwa picha za vifua kwa sehemu moja ya tano ya sekunde tu, muda mfupi hata wa kuyasogeza macho, na bado walitambua kasoro kwa kiasi cha asilimia 70. Walipoachiwa watazame watakavyo, walifikia asilimia 97. Kwa hivyo daktari anayetazama haraka si lazima awe mzembe. Jicho lililozoea hupata sura ya kifua kizima kwa mara moja, kama vile mama aliyezoea soko la samaki anavyojua kwa kutupa jicho kwamba nguru huyu ni wa jana. Lakini usiisahau ile tofauti ya asilimia 70 na 97. Waliomo katika pengo hilo ni watu.

Miaka mitatu baadaye, 1978, wawili hao pamoja na mwenzao Carmody walichunguza vinundu vya mapafu ambavyo mabingwa walivikosa. Kila mtu angedhani kwamba daktari amekosa kinundu kwa sababu hakukitazama. Mashine ilitoa jibu jingine. Katika makosa kama 30 kwa kila 100, kweli jicho halikufika mahali penyewe. Katika 25 hivi jicho lilipita juu yake lakini halikukaa vya kutosha. Yaliyobaki, takriban 45, ndiyo yaliyonishtua niliposoma: jicho lilifika, likatua, likakaa kwa muda wa kutosha, na bado daktari akasema hakuna kitu. Yaani kosa halikuwa la jicho. Lilikuwa la uamuzi.

Kivuli nyuma ya mtulinga

Sasa kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita, katika zahanati ambayo sitaitaja, alikuja mzee mmoja wa Mji wa Kale, nahodha mstaafu wa jahazi. Alikuwa ameteleza kwenye ngazi za nyumba yake. Wenyeji wa Kibokoni na Kuze wanazijua ngazi hizo, nyembamba, zimesimama wima kama za minara. Upande wake wa kulia ulikuwa ukimuuma kila akivuta pumzi. Niliandika fomu ya eksirei kwa neno moja tu, "kifua," na picha iliporudi niliuona ubavu uliovunjika papo hapo. Nilifurahi, maana nilikuwa nimepata nilichokuwa nikikitafuta. Nikampa dawa za maumivu akaenda zake.

Baada ya miezi miwili binti yake alimrudisha. Amekonda, anatoka jasho usiku, na sasa anakohoa. Niliomba ile bahasha ya zamani, nikaiweka picha kwenye mwanga kwa mara ya pili. Upande wa kushoto juu, nyuma ya mtulinga, palikuwa na kivuli cheupe kama wingu dogo. Kilikuwepo tangu siku ya kwanza. Makohozi yalipopimwa, ilikuwa ni kifua kikuu.

Mzee alitibiwa miezi sita, dawa za bure kama ilivyo kwa kila mgonjwa wa TB nchini, akapona. Lakini kwa miezi miwili alikuwa akilala nyumba moja na wajukuu wanne. Ilibidi wote wapimwe, na mdogo wao kabisa akaanzishiwa dawa za kinga. Hakuugua. Ningeweza kukuandikia habari nyingine leo.

Nilimweleza mzee ukweli kwamba kivuli kilikuwepo nami sikukiona. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, hata mimi nimewahi kuupanda mwamba niliokuwa nikiutazama." Sikujua nicheke au nilie.

Madaktari wanalijua kosa la aina hii tangu miaka ya 1960. Jicho likishapata kasoro moja, hamu ya kutafuta nyingine hupoa. Hatari ni pale kasoro ya kwanza inapokuwa ndogo na ya pili ndiyo inayoua.

Gorila ndani ya pafu

Huenda ukasema mimi si bingwa, ndiyo maana. Basi sikiliza ya mabingwa wenyewe. Mwaka 2013, Trafton Drew, Melissa Võ na Jeremy Wolfe, waliokuwa wakifanya utafiti mjini Boston, waliwapa mabingwa 24 wa eksirei picha za mapafu zilizopigwa kwa mashine ya CT, watafute vinundu vya saratani. Katika seti ya mwisho walikuwa wamepachika picha ya gorila, mkubwa mara 48 kuliko kinundu cha kawaida. Mabingwa 20 kati ya 24 hawakumwona. Na mashine ya kufuatilia macho ilionyesha kwamba 12 kati ya hao 20 walikuwa wamemtazama gorila moja kwa moja.

Tafadhali usiende kumcheka daktari wako kwa hilo. Watu wasio madaktari walipopewa picha zile zile, hakuna hata mmoja aliyemwona gorila, na vinundu walivyovipata vilikuwa vichache mno wakilinganishwa na mabingwa. Akili ikitumwa kutafuta kitu kimoja, hukitafuta hicho, na mengine hupita mbele ya macho kama hayapo.

Hapa ndipo wewe mgonjwa unapoingia. Kama kinachotafutwa ndicho kinachoonekana, basi anayesoma picha anahitaji kuelezwa ukweli wote. Yule mzee aliniambia kuhusu ngazi. Hakuniambia kwamba shemeji yake aliyekuwa akikaa naye alitibiwa TB mwaka uliotangulia, nami sikumuuliza. Kwa hivyo sema, hata usipoulizwa: nani amewahi kuugua nyumbani, kama unavuta sigara au uliwahi kuvuta, kazi uliyoifanya, uzito uliopungua. Mwombe daktari ayaandike kwenye fomu, asiandike "kifua" peke yake kama nilivyofanya mimi. Wala usingoje kukohoa. Uchunguzi wa kitaifa wa TB uliofanywa Kenya mwaka 2015 na 2016 ulitumia eksirei pamoja na maswali ya dalili, na picha ziliwafichua wagonjwa wengi ambao maswali peke yake yasingewafichua.

Pia uliza nani ameisoma picha yako. Mara nyingi daktari uliyemwendea huitazama yeye mwenyewe, na bingwa huandika ripoti yake baadaye. Mabingwa hawa hawatoshi nchini, na ripoti yaweza kuchelewa. Ingoje, uirudie, uipeleke kwa daktari wako. Macho mawili ya mtu mwingine si tusi kwake. Mimi siku hizi namwomba mwenzangu atazame picha kabla sijamwambia nilichokiona, maana nikimwambia kwanza, jicho lake litakwenda nilikolituma.

Wengine wataniuliza kuhusu kompyuta. Ni kweli, mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikubali programu za kompyuta zisome eksirei za kifua katika kuwatafuta wagonjwa wa TB wenye umri wa miaka 15 na zaidi. Programu haichoki saa kumi jioni wala haipigiwi simu katikati ya kazi, na mahali pasipo na bingwa inasaidia sana. Lakini nayo hutafuta kile ilichofundishwa kutafuta. Sijui ingefanya nini na gorila.

La mwisho ni hiyo bahasha yenyewe. Usiitupe picha ya zamani ati kwa kuwa umepona. Kivuli ambacho hakijabadilika kwa miaka mitano na kivuli kilichoota mwaka huu ni mambo mawili tofauti kabisa, na picha ya zamani ndiyo itakayotutenganishia. Usiiweke chini ya godoro wala karibu na dirisha la upande wa bahari, kwa sababu unyevu wa kisiwa hiki hugandisha filamu mpaka zinashikana. Iweke kabatini, imesimama, na kama ulipewa CD itie humo humo. Andika mwaka juu ya bahasha kwa wino mzito, na ukija kwangu, njoo nazo zote.